Karafuu Juu ya Paneli

Felista, kwanza niliona dari iko kimya. Ile feni ya sola inayotoa joto darini ilikuwa imesimama, na mtoto wa bosi analia kwa joto.

Mama bosi akamwita Ezekiel, fundi aliyeifunga pamoja na betri yake. Fundi alipofika, hata shikamoo yake mama hakuiitikia.

"Umeniuzia betri mbovu! Mwizi wewe!"

Mwizi, Felista! Mbele ya majirani! Mmoja akadakia ng'ambo ya ua, "Mafundi wa sola wote ndivyo walivyo!"

Ezekiel akasema taratibu, "Mama, huenda kitu kimefunika paneli. Niruhusu nipande niangalie."

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku ya tatu leo nimeanika juu ya hiyo paneli karafuu alizonitumia bibi yangu kutoka Matombo. Pana joto, na kuku hawafiki. Sikujua!

Ezekiel akanigeukia. "Dada, si ilikuwa inazunguka vizuri?"

Nikatazama miguu yangu.

"Hupandi popote! Toka kwangu!" mama akamfukuza.

Ameondoka na jina la mwizi.

Felista, mama alipomkataza kupanda, moyoni nilimshukuru Mungu.