Daktari wa Runinga Ndani ya Treni ya Leeds

Glenys, shoga yangu, uko wapi? Weka chini hiyo chai usome.

Aubrey wamemfukuza kazi leo asubuhi. Mume wangu, miaka ishirini jukwaani akicheza wafalme mbele ya viti vitupu, kisha tisa kwenye runinga akiwa daktari anayependwa na nchi nzima, kaambiwa huyo daktari anayemwigiza atakufa kwa kuanguka ngazini. Ngazini, Glenys!

Basi akapanda treni kurudi Leeds, kanuna. Mara bibi mmoja akaanguka pale katikati ya viti. Abiria wote wakamgeukia yeye. "Daktari, fanya kitu!"

Akawaambia, "Jamani, mimi ni mwigizaji tu."

Mama mmoja akamfokea, "Sasa huu ndio wakati wa unyenyekevu?"

Unyenyekevu! Aubrey!

Akapiga magoti. Hajui hata kupima mapigo ya moyo. Akamshika bibi mkono, akatoa ile sauti yake ya runinga: "Tulia mama, niko hapa." Akairudia dakika kumi na mbili, jasho likimtiririka, mpaka treni ikafika kituoni na wahudumu wa gari la wagonjwa wakaingia. Bibi yu hai. Sukari ilikuwa imemshuka.

Walipokuwa wanambeba, bibi akamvuta Aubrey tai. "Nilikuona ukicheza mfalme, mwaka wa tisini na nne."

Aubrey nusura alie. Miaka yote ile, hatimaye kapata shahidi!

"Nilisinzia," bibi akasema. "Udaktari ndio unaokufaa, mwanangu. Usiuache."