Kigelegele Chako Kwenye Muziki wa Hayat

Buyenzi, Bujumbura
9 Februari 2024

Mpendwa dada Laila,

Asalaam alaikum. U hali gani huko Liège? Goti lako je, na baridi imepungua? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila mvua imetuchosha. Barua hii nampa jirani Elvire anayerudi huko, maana kwenye simu huwa unabadilisha mazungumzo nikitaja safari ya kuja huku.

Nina jambo la kukuuliza, lakini kwanza nikusimulie. Mwanangu Hayat anatengeneza muziki wa kielektroniki, ule wa kudansi, upigwe kwenye harusi ya Anouar, mtoto wa kaka yetu. Nilidhani kompyuta inajitungia yenyewe. Wapi! Nimekaa nyuma yake kama mpelelezi, hata wali nimeunguza.

Alianza na mdundo mtupu, duf duf duf. Halafu akaweka besi, kisha vinanda. Nikauliza mbona muziki unanyamaza katikati. Akasema ni ili watu wangoje. Kweli, nilijikuta nimeshika kiti.

Mlio wa chuma aliufuata gereji kwa baba yake. Unamjua shemeji yako Atumani: kuona simu inarekodi, akabadilisha shati, akagonga kwa adabu kama anabisha hodi kwa wakwe. Hayat akapiga kelele: "Apana papa, piga vile unapigaka siku zote!"

Baadaye akasawazisha sauti, moja isimeze nyingine, akaujaribu muziki kwenye spika za gari. Milango ikatetemeka. Mimi nikashangilia, yeye akasema bado: pale kimya kinapoisha panataka sauti ya mtu.

Basi akapekua video ya harusi yangu, akakuta kigelegele chako. Laila! Nilikuwa nimekisahau. Kirefu, hakikatiki. Nililia, sikufichi. Alipokiweka pale, hata Atumani aliinuka kucheza.

Lakini Hayat hatumii sauti ya mtu bila ruhusa, na harusi ni kabla ya Ramadhani. Bila hicho, anasema, muziki haujaisha. Unakubali?

Msalimie shemeji Suud na wajukuu. Kaka Uthmani anakusalimu, na Anouar bado anauliza kwa nini shangazi yake haji. Mungu akupe afya na akufungulie njia.

Kama hutaki kitoke kwenye spika, njoo ukipige mwenyewe. Hayat atakuachia nafasi palepale.

Mdogo wako akupendaye,
Assia