Baba, Ikubali Sindano ya Ganzi

Glasgow,
Februari 1996

Kwa Baba,

Chamgei. Natumaini mgongo wa Mama umepoa na ng'ombe mweusi amezaa salama. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanivalisha soksi mbili mbili kama mzee.

Barua ya kaka Kiprono imefika. Nimecheka kusikia ulibeba lile jarida la madaktari hadi kituo cha kuuzia majani chai, ukawaonyesha watu jina langu mkingoja lori. Anasema ulilishika kichwa chini miguu juu. Usijali, hata mimi niliyeandika nilichoka kulisoma.

Lakini ukurasa wa pili wa barua yake uliniondolea raha. Anasema ulienda hospitali kama nilivyokusihi, ukavua shati, na daktari alipotoa sindano ya ganzi ukamwambia, "Mimi si mtoto. Wewe kata tu, sitashtuka." Daktari akakataa, nawe ukavaa shati ukarudi Sigowet.

Sasa nikueleze nilichoandika mle jaridani. Kwanza ni kuhusu saratani ya limfu inayoanzia kwenye ngozi. Inajifanya ukurutu, mtu akae nayo miaka akipaka hiki na kile, kama wewe na mafuta yako ya kukamulia. Lile baka la ubavuni mwako nililiona nilipokuja Krismasi, na sikulipenda. Huenda si kitu. Lakini hakuna atakayejua mpaka kipande kidogo, kama punje ya mahindi, kikatwe na kupimwa. Ikigunduliwa mapema, watu wengi hutibiwa na kuishi miaka. Ikiachwa ikaingia ndani, hapo kuna kazi.

Halafu nimeandika juu ya ganzi. Sindano ile haikulazi, Baba. Utakuwa macho, mkipiga hadithi na daktari. Wala si ya watu waoga. Mwili ukikatwa bila ganzi hushtuka wenyewe, hata wa jasiri, na daktari hawezi kufanya kazi yake vizuri. Kila wiki nawashika mkono wazee wa watu wakidungwa, na inaniuma kwamba wako siufikii.

Nisalimie Mama, shangazi wa Kiptere, na shemeji, mke wa Kiprono, ambaye maziwa yake ya mursik nayaota. Kiprono nimemwandikia akupeleke tena hospitali, na asitoke nje hata ukimfukuza.

La mwisho. Siku nilipotahiriwa, wanaume walinikodolea macho wakingoja nipepese. Niliogopa sana, sijawahi kukuambia. Sikupepesa, kwa sababu nilijua habari zitakufikia. Nilivumilia uchungu kwa ajili yako, Baba. Nakuomba, kwa ajili yangu, ukubali kutousikia.

Mwanao anayekupenda,
Kipkoech