Titi Limekuwa Jiwe, Wananiambia Nitaje Mwanamume

Mpendwa Mama Metrine, naomba unisaidie upesi, maana hata sasa ninapoandika siwezi kukaa, naketi, nasimama, nakwenda mlangoni narudi, mkono mmoja una kalamu na mwingine umeshikilia titi la kushoto ambalo limekuwa gumu kama jiwe.

Mimi kwetu ni Busia upande wa Kenya, nimeolewa huku Osukuru, Tororo, ng'ambo ya mpaka, na mume wangu anaitwa Egau. Kabla ya kujifungua nilikuwa nauza nyanya sokoni mpakani pamoja na Chrispinus, mwenzangu wa biashara. Mtoto wetu wa kwanza, Arthur, bado ni mchanga kabisa, kitovu kimedondoka juzi tu. Alikuwa ananyonya vizuri, mpaka siku ile wageni walipokuja kumwona, wakampokezana tangu asubuhi, nami nikaona haya kutoa titi mbele ya wazee wa mume wangu, nikabana na sidiria ya zamani iliyokwisha kuwa ndogo, maziwa yakajaa mpaka nikawa nahema. Chrispinus naye alikuja, akaleta blanketi, akambeba mtoto akacheka naye, akaenda zake.

Kesho yake nikaamka na uvimbe. Mama mkwe akasema mtoto amelibeulia titi, yaani amecheua akiwa bado ananyonya, akachukua kitana cha mti akalichana kwa nguvu nikalia machozi, uvimbe ukazidi, titi likawa jekundu, na homa ikanishika nikatetemeka juani. Hapo maneno yakageuka. Akaniambia, "Titi haliwi jiwe bure. Yule Mkenya wa nyanya alimbeba mtoto kama wake. Taja jina lake, tuchinje jogoo, maziwa yafunguke, yaishe." Nikamwambia, "Mama, sina la kutaja, Chrispinus ni mwenzangu wa kazi tu." Egau alikuwa pale pale, anachezea ufunguo wa pikipiki, anaangalia chini.

Basi mama mkwe amemchukua Arthur nyumbani kwake, ati maziwa yangu yatamdhuru, anampa ya ng'ombe kwa chupa, na mtoto ameanza kuharisha. Namsikia akilia huko ng'ambo ya uwanja na gauni langu linalowa lenyewe. Sasa nawaza, si ni neno moja tu? Nikilitaja watachinja jogoo, watanisamehe, nitarudishiwa mwanangu. Lakini nikilitaja, Arthur atakua akiitwa mtoto wa nani? Niambie, Mama, nikubali kosa ambalo sikulifanya? Nimeweka namba yangu hapo chini.

Damalie, Osukuru

*

Damalie mwanangu,

Barua yako niliisoma nikashindwa kungoja gazeti lichapwe. Nilikupigia simu, na hayo nitayafikia. Pole sana. Na sasa nikugombeze: mwenye homa na titi jekundu haketi kuandika barua, anakwenda kituo cha afya. Titi likiachwa hivyo hutunga usaha, na hapo itabidi lipasuliwe.

Kilichokupata hakina mwanamume ndani yake. Siku ya wageni mtoto hakunyonya, ukabana kifua, maziwa yakakosa njia, mrija ukaziba. Basi. Kitana kikaumiza nyama iliyokwisha kuvimba. Na maziwa ya titi hilo hayamdhuru mtoto hata kidogo. Kinachomdhuru ni hiyo chupa. Mtoto mchanga ni wa kunyonya tu.

Sasa nieleze ya simu, ili wasomaji wengine nao wajifunze. Aliyepokea hakuwa wewe. Alikuwa mama mkwe wako, aliyeikuta simu yako ikilia; majina nimeyabadilisha, naye alinipigia baadaye akaniruhusu kuyaandika haya. Nilimwambia mimi ni nani, nikamwomba amrudishe mtoto. Akaja juu.

"Huyo msichana ana kiburi," akasema. "Hata mimi titi liliwahi kuwa jiwe. Nikataja jina, nikasamehewa, maziwa yakafunguka. Yeye ni nani asitaje?"

Nikamuuliza, "Mama, na kosa ulikuwa nalo?"

Akasema, polepole, "Sikuwa nalo. Lakini liliniuma sana, na mtoto alikuwa analia."

"Mtoto yupi?"

"Egau."

Hatukusema mengi baada ya hapo. Nilimweleza tu kwamba ni homa hiyo ndiyo inayoua, na kwamba mtoto anayeharisha hana muda wa kungoja jogoo. Akakata simu. Jioni ukanipigia wewe, unalia, unasema amekuja mwenyewe na Arthur kifuani, mkapanda boda pamoja mpaka kituo cha afya, nesi amekupa dawa, amemtazama mtoto pia, na Arthur amenyonya titi lile lile mpaka akasinzia. Na kwamba njiani alikushika mkono.

Haya, nisikilize, maana kupona bado. Dawa umalize zote, hata ukijisikia nafuu kesho. Mnyonyeshe kila anapotaka, wageni wawepo wasiwepo. Wazee watageuza shingo. Titi likuume vipi, usimwachishe. Akimaliza, weka kitambaa cha maji baridi. Usilikande kwa nguvu, na kitana kibaki cha nywele. Sidiria ile itupe. Homa ikirudi, au uvimbe ukikataa kupungua, rudi kituoni siku hiyo hiyo. Mtoto akizidi kuharisha au akikataa kunyonya, usingoje hata kidogo.

Na jina usitaje, leo wala mwakani. Mama mkwe wako alitaja, na ameniambia mwanawe alichekwa nalo kisimani mpaka akawa kijana. Usimkasirikie sana. Alikupa dawa aliyopewa yeye.

Egau, najua unasoma, mama yako amekwisha kukueleza. Mkeo alipoulizwa uliangalia chini, maana na wewe ulichekwa kwa jina kama hilo, na sasa unajua lilikuwa la uongo. Pole, lakini mtu mzima anaweza kuinua uso. Chemsha maji, osha nguo za mtoto, mkeo apate kulala. Na mtu yeyote akiuliza tena Arthur ni wa nani, ujibu wewe. Usimwachie Damalie.