Jina Ambalo Kanyange Hakulitamka

Kijiji cha Kaniha,
Biharamulo.
17 Juni 1979.

Mpendwa mdogo wangu Ildefonce,

Marahaba. Najua kabla hujafungua bahasha hii umeshaniamkia, kwa hiyo naipokea shikamoo yako hukohuko uliko. U hali gani? Bega ulilosema liliteguka limerudi sawa? Redio ya mwenyekiti inasema vita vimekwisha, na kwamba mmefika mwisho wa nchi ya Uganda. Tulishangilia kama wengine. Kula vizuri, na usilale na nguo mbichi, maana nakujua.

Desturi inataka sasa niandike kwamba sisi huku hatujambo. Siwezi. Kaa chini kwanza. Kama kuna mwenzako karibu, mwite akae nawe.

Kanyange hatunaye tena. Mkeo alifariki hospitalini Jumatano ya tarehe 9 Mei, saa tisa alasiri, na tukamzika hapa Kaniha kesho yake. Mwenyekiti alikupigia simu ya maandishi, lakini barua yako iliyokuja wiki iliyopita imemsalimu Kanyange mara nne, ukamwuliza kama amepanda karanga. Ndipo tukajua kwamba habari haikukufikia. Nisamehe kwa kuwa mkono wangu ndio unaokuletea. Pole, mdogo wangu. Pole sana. Deodata mwanao ni mzima, analala kwangu, na anakula.

Utataka kujua aliugua nini. Ni malale, ule ugonjwa wa mbung'o. Tangu mwaka ule wa sabini na nne tuliposombwa na lori kutoka migombani kwetu tukapangwa hapa mistari mistari, kuni tunakata ndani ya pori la mbung'o. Hilo unalijua, umeumwa nao kisogoni mara ngapi. Lakini ugonjwa huu una dawa, Ildefonce. Ungewahiwa, ungetibika. Kwa nini haukuwahiwa, hiyo ndiyo habari niliyokaa siku tatu na kalamu nikishindwa kuianza. Mimi nimo ndani yake. Soma mpaka mwisho ndipo unichukie.

Mwezi Oktoba, wewe umeshaondoka kwenda mafunzo ya jeshi na vita havijaanza, walikuja watu wa utafiti wa malale na gari lao, meza mbili na visanduku vya vioo. Walitoboa kila mtu kidole, wakapaka damu kwenye kioo, wakaandika. Wenyewe ni watu wa mbali, Kihangaza hawajui hata salamu. Mwenyekiti akanichagua mimi niwe mkalimani, kwa kuwa nilifika darasa la nne kwa masista. Nilijisikia mtu mkubwa siku hiyo! Nikavaa hata viatu.

Zamu ya Kanyange ikafika. Karani akamwuliza jina, akasema. Akamwuliza mkuu wa kaya ni nani. Sasa wewe hukuwepo, na kaya yenu imeandikwa kwa jina la baba. Na wifi yangu, unamjua, miaka sita katika boma letu hajawahi kutamka jina la baba mkwe wake. Wazee wao walikuja Ngara kutoka Rwanda na mwiko huo wakaubeba, na sisi Wahangaza hatuko mbali nao. Unakumbuka tulivyokuwa tukimcheka: akitaka kumwita baba, anamtuma mtoto, au anakohoa mlangoni mpaka mzee atoke mwenyewe.

Akanyamaza. Karani akauliza tena, kwa sauti ya kumkaripia. Kanyange akageuka akaniangalia mimi.

Aliniangalia kwa sababu hivyo ndivyo inavyofanyika kwetu. Mkwe akikwama, binti wa nyumba humsaidia kulisema. Ni jina la baba yangu, mimi halinizuii kitu. Lakini wiki ile tulikuwa tumegombana. Alikuwa amesema mbele ya wanawake wote, kwenye shamba la kijiji, kwamba maharage yangu nayapika na mawe. Ndiyo, maharage! Hilo tu. Nami nikasema moyoni, ngoja leo aaibike kidogo mbele ya wageni, ajue kwamba ananihitaji. Nikageuza uso nikawa natazama vile vioo.

Karani akamwambia, “Mama, wewe huna mwenyewe? Wewe ni wa nani?” Nikatafsiri. Kanyange akajibu, “Wa Nahimana.” Akaulizwa wa wapi, akasema Mabawe. Nikatafsiri neno kwa neno bila kuongeza, nikaona nimefanya kazi safi. Karani akaandika: Kanyange Nahimana, Mabawe. Yaani, Ildefonce, jina la marehemu baba yake mzazi, na kijiji alichokulia, wilaya nyingine kabisa.

Ningeweza kumwambia karani jioni ile, kabla hawajafunga visanduku. Nilikula nao chakula. Sikusema.

Majibu yalitoka Novemba. Ya Kaniha yalikuja Kaniha, watu wanne wakachukuliwa wakatibiwa, na wote leo wanalima. La Kanyange lilikwenda zahanati ya Mabawe. Nakuandikia hili nalo ulijue, maana mama mkwe wako Rozalia ameniomba nisimfiche. Walimtafuta kweli. Mhudumu alipanda mlima hadi kwa Rozalia na karatasi mkononi, akauliza kama anamfahamu Kanyange binti Nahimana. Vita ndiyo kwanza vimeanza, watu walikuwa wanasakwa, kila mgeni anaitwa jasusi. Na yule mama alikimbia kwao Rwanda kwa sababu ya watu waliopita nyumba hadi nyumba na orodha ya majina. Akaona karatasi, akaona jina la mwanawe. Akasema, “Simjui mtu huyo.” Alidhani anamwokoa.

Basi karatasi ikarudi ikawekwa kwenye faili.

Kanyange alianza kusinzia mwezi wa kwanza. Mwanzoni kichwa kilimwuma, na shingoni kwa nyuma akatoka vivimbe vidogo. Halafu ukawa unamkuta amesimama shambani na jembe mkononi, macho ameyafumba. Anatia chumvi mara mbili. Anamwosha Deodata, anamaliza, anaanza kumwosha tena. Wanawake walisema anamlilia mume aliyeko vitani. Wengine wakasema amerogwa. Mimi nilisema ni uvivu, tena nilisema kwa sauti. Ole wangu!

Baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema huyu ni mgonjwa. Tulimpeleka zahanati mara tatu, mara tatu akapewa klorokwini, kwa sababu dawa iliyokuwepo ni hiyo na darubini hawana. Tukaambiwa tumpeleke wilayani. Kwa gari gani? Malori yote yako kwenu huko mbele, basi halipiti kwa kukosa petroli. Sikulaumu wewe wala wenzako, nchi ilikuwa vitani. Lakini nilipata kufikiri kwamba huko kwenye lami, mgonjwa kama yule angekuwa mbele ya daktari asubuhi hiyohiyo. Sisi wa porini tunatoboleka vidole vizuri sana, dawa ndiyo haijui njia.

Aliyetuletea karatasi ni binamu yetu Pancras wa Mabawe, tarehe 21 Aprili. Alikwenda zahanati kwa jipu lake, akakuta wanapanga mafaili, jina likasomwa, akaruka. Alitembea siku mbili. Alipofika hata maji hakutaka kunywa kwanza. Nilisoma mimi, kwa kuwa ndimi msomaji wa nyumba. Imeandikwa vimelea vya malale vimeonekana, aletwe haraka. Tarehe ya juu ni ya Novemba.

Tukambeba kwa machela hadi Nyakanazi, vijana wa nyumba kumi wakipokezana. Pale njia panda tulikaa siku mbili tunaomba lori, baba amesimama jua lote na kofia mkononi, anamwamkia kila dereva. Wa tatu akatuchukua. Hospitalini daktari alikuwa mtu mwema, sitamsema vibaya. Alituambia wazi kwamba kama angeletwa Novemba, ni sindano chache tu na angekuwa shambani. Sasa ugonjwa umeingia kichwani, unataka dawa nyingine kali, nayo haipo pale mpaka iagizwe mkoani. Iliagizwa. Ilifika tarehe 11 Mei.

Sasa nikueleze siku yake ya mwisho, maana ukirudi utaniuliza, na usoni kwako nitashindwa. Alikuwa amelala tangu Jumapili bila kufumbua jicho. Jumatano mchana akaamka ghafla, akakaa kitandani, hatutambui. Akaanza kuita. “Telesfori! Telesfori, nisaidie!” Kwa sauti kubwa, wodi nzima inasikia. Wanawake wa kwetu waliokuwa mle wakaziba midomo kwa khanga. Mimi nilitaka ardhi ipasuke.

Baba akasogea hadi kitandani. Akasema, “Naam, mwanangu. Nipo.” Akaita tena, baba akaitika tena. Sijui ni mara ngapi. Kila alipoita mzee aliitika vilevile, bila kuchoka, mpaka alipoacha kuita.

Kisha baba akatoka nje akakaa chini kwenye majani akalia, mdogo wangu. Hata mama alipokufa hatukumwona hivyo. Karatasi ilishamwonyesha kwamba mwiko ndio uliompeleka Mabawe, ila yangu alikuwa hajayajua. Akasema, “Mngeniambia. Ningemwondolea mwiko huo mimi mwenyewe siku ileile.”

Jambo jingine. Yule karani alirudi wiki ya kwanza ya mwezi huu na daftari lake kubwa, wanahesabu waliopona. Nikaomba nilione. Mstari wa Kanyange umeandikwa: amekataa matibabu. Nikamwambia, “Hakukataa. Hakuitwa.” Akasema taarifa imeshakwenda Dar es Salaam, na kwamba imeelezwa humo kuwa wanawake wa upande huu hawaamini dawa za hospitali. Hee! Asiyekuwepo na lake halipo, lakini hili nilikuwepo mimi. Nikakaa mbele ya gari lao. Nikamweleza yote, mwiko, baba, Mabawe, na mimi nilivyotazama vioo, mbele ya mwenyekiti na watu. Karani akaukata ule mstari kwa penseli akaandika pembeni: hakuitwa. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemwambia kwamba huku yapo majina ambayo mtu hawezi kuyasema. Aliyepaswa kumwambia nilikuwa mimi, nilikaa pale kwa kazi hiyo.

Hivyo ndivyo baba naye alivyosikia, siku hiyohiyo, pale mbele ya gari. Tangu hapo hajanijibu neno. Anakula ninachopika, ananirudishia sahani. Nazungumza, haitiki.

Ildefonce, nimemaliza ya kukueleza, na sasa nina la kukuuliza. Rozalia amekuja hapa akiwa na khanga moja, akaomba apewe Deodata akamlee Mabawe. Tulikaa jikoni tukaangaliana, yeye na mimi. Yeye kwa hofu yake na mimi kwa kiburi changu, sote wawili tulimkana mtu mmoja. Sikuweza kumwambia kwamba mimi namstahili mtoto kuliko yeye. Deodata ameanza kuniita mama, sikumfundisha, na kila anaponiita nasikia uchungu. Wewe ndiye baba yake. Ukisema aende, nitamfungia nguo zake na kumpeleka mwenyewe kwa miguu. Ukisema abaki, nitamlea mpaka mifupa yangu ichakae. Ukisema mimi niondoke kwenye boma hili kabla hujarudi, nitaondoka.

Nitukane ukitaka. Lakini andika. Baba ameninyamazia, na ninajua sasa kimya kinaweza kufanya nini. Wewe usininyamazie.

Pancras anakusalimu, na Rozalia anakusalimu akikuomba msamaha kwa magoti. Vijana waliobeba machela wanakupa pole wote. Deodata ameweka kidole chake hapa chini penye doa. Baba, nilipomwambia naandika barua, hakugeuka, ila alimwambia mtoto, nami nisikie: mwambieni mwanangu arudi nyumbani salama.

Mungu aliyekuvusha katika risasi akuvushe na katika hili. Amfutie Kanyange usingizi, ampe kuamka kwema.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata kama leo hutaki kunisikia,

Bonifasia Telesfori.