Kikaango Kwenye Wimbo wa Nne

Tallow Creek, Mississippi
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu mpendwa Lemuel,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi yangu Claudette na watoto wote. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Detroit? Sisi huku ni wazima, ukiacha presha yangu, ambayo daktari anasema inatokana na chumvi na mimi nasema inatokana na Verdine.

Najua habari umeshazipata, maana mdogo wetu huyo hana siri. Albamu yake imetoka, sasa ni wiki ya pili. Ana miaka hamsini na minane na meno mawili ya bandia, na mtangazaji wa redio ya Memphis anamwita eti sauti mpya ya bluzi. Mpya! Sauti hiyo mimi naijua tangu ilipokuwa ikililia uji. Kwenye duka la santuri mjini wamebandika picha yake dirishani, kubwa kama mlango. Nilivuka barabara nipite upande wa pili nisiione, na bado nikaiona.

Sasa sikia kuhusu hiyo picha. Amekaa kwenye kiti changu, kwenye kibaraza changu, amevaa kofia yangu ya zambarau ya kanisani, aliyosema anaiazima dakika tano tu. Nami nilikuwepo ilipopigwa, nimesimama kando na bakuli langu la kunde. Wamenikata. Kimebaki kiwiko. Jumapili iliyopita Shemasi Purvis alinisimamisha mlangoni mwa kanisa akaniambia, "Dada Ozella, hongera, kiwiko kimetoka vizuri," na akina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikacheka nao. Watu husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nimeshiriki, kaka, ila kukonda ndiko kulikonishinda.

Na usiniambie nimwache. Nani alimfundisha nyimbo zile? Marehemu Baba akipiga gitaa, Verdine alikuwa amelala. Ni mimi niliyemwimbia kesho yake nikiosha vyombo, yeye akicheza chini ya meza. Baba alipoondoka gitaa likaenda kwa Verdine, kwa sababu mimi, walisema, nina mikono ya kazi. Hakuna aliyeiuliza mikono hiyo ilitaka nini.

Ila iliyonichoma hasa ni ile siku ya kurekodi. Ilikuwa Agosti. Prodyuza alitoka Nashville, kijana anaitwa Garrett, ndevu nyingi na adabu nyingi. Alisema hataki studio, anataka nyumba ya mbao, nyumba inayopumua. Ya Verdine ina zulia na kiyoyozi, basi wakaja kwangu. Walijaza vinasa sauti sebuleni, na mimi nikaingia jikoni kuwapikia kambale, mboga na mkate wa mahindi. Mara Garrett akaja kwa kunyata, akaniomba radhi, akasema feni inasikika, akaizima. Akarudi, akasema friji inanguruma, akachomoa waya. Akarudi tena, akaniuliza kwa upole, "Mama, tafadhali, unaweza kutulia kidogo?"

Nitulie! Jikoni kwangu, joto lile, feni imezimwa, kuku wa Jumapili anaharibika ndani ya friji! Na huko sebuleni Verdine anauanza ule wimbo wa Baba wa mto uliofurika, tena anauvuta pale ambapo Baba alikuwa akikata.

Nilishika kijiko kikubwa cha chuma nikakipiga kikaango. Sitakuficha, nilikusudia. Nikakipiga tena, kisha nikaubamiza mlango wa oveni. Nilitaka waanze upya, na wakianza niwaharibie tena, mpaka wachoke warudi kwao. Lakini hakuna aliyesimamisha. Wimbo ulikwenda mpaka mwisho, nikajua tu wataufuta.

Hawakuufuta. Ndio wimbo wa nne, na ndio unaopigwa redioni kutwa. Gazeti la Memphis limeandika kwamba Verdine anaimba vizuri, ila maajabu ni yule mpiga ngoma asiyetajwa jina, anayepiga kama mtu anayedai haki yake. Niliisoma sentensi hiyo kwenye foleni ya posta. Nilipofika garini nikaisoma tena.

Jumatano Verdine akaja, akakalia kiti changu bila kuuliza. Alisema Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni onyesho la kuzindua albamu, pale kwenye kiwanda cha zamani cha pamba, na kila mtu anamuulizia mpiga ngoma. Nikamwambia sijui anazungumzia nini. Akacheka mpaka meno yakasogea.

"Zella, wacha hizo! Garrett alitaka kukatisha, mimi nikamtikisia kichwa. Mkono wako nitaacha kuujua? Tangu niko chini ya meza ile, wewe ukinuna unapiga sufuria, mimi naimba. Hata sijui kuimba kama hujanuna."

Nikamuuliza mbona basi jina langu halimo kwenye jalada. Akasema, "Ningeliandika, ungesema nimekuumbua mbele ya shemasi." Na ni kweli, kaka, ningesema.

Basi tukaanza mazoezi. Yalikuwa aibu tupu. Nilikuwa nagonga kwa heshima, kama mtu anayebisha hodi kwa mchungaji. Verdine akaingia chumbani kwangu, akatoka na kofia ya zambarau kichwani, ameilaza upande, akaanza kuimba huku ananitazama. Kaka, kikaango kiliitika! Ndipo tukakubaliana kwamba siku hiyo nitapanda jukwaani na kikaango changu, naye atavaa kofia yangu.

Yeye anaamini siri yote ni hasira, na mimi nimemwacha aamini. Lakini wewe nakuambia ukweli, na Claudette asijue, kwa sababu mdomo wake nampenda ila haufungiki. Usikilize huo wimbo wa nne. Ubeti wa kwanza naharibu. Wa pili bado naharibu, ingawa mkono umeanza kumsubiri. Wa tatu, pale Verdine anaponyamaza kidogo kunipisha, sikuwa na hasira na mtu yeyote chini ya jua. Nilikuwa napiga. Kambale waliungua mbele ya macho yangu na sikuwaona.

Nakomea hapa, mikono imechoka. Nibusie watoto, na goti ulifunge kitambaa cha moto kila jioni. Ukijaliwa kuja siku ya onyesho, kitanda kipo. Na Verdine akikupigia kuuliza habari zangu, mwambie bado nimenuna.

Ni mimi dada yako, mwenye kiwiko,
Ozella