Diwani Tumbo Juu

Jumanne, 2 Septemba

Nimebadilisha maji. Ndoo mbili nje, ndoo mbili ndani, mgongo umelalamika kote njiani. Maji ya bomba nilikuwa nimeyalaza kwenye ndoo tangu jana ili dawa yake ipungue. Ndivyo dada alivyoagiza. Dada Nyamisi akiagiza, unafuata. Amenilea huyu, na kofi lake nalijua.

Samaki wake ni watatu. Samaki wa dhahabu, wale wa mapambo. Wawili wana mikia mipana kama kanga iliyoanikwa. Wa tatu ni mnene, ana nundu nyekundu kichwani kama kofia, na anatembea polepole tumbo likiwa mbele. Marehemu shemeji alimwita Diwani. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Shemeji aliwanunua Mwanza wakati macho ya dada yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu. Alitafuta kitu chenye rangi kali, ili dada apate cha kuona mle ndani ya nyumba yao Bunda. Dada anasemaga anaona makaa matatu yanapita kwenye moshi. Sasa yuko Mwanza kwa binti yake, anangoja upasuaji wa mtoto wa jicho. Mara ya kwanza uliahirishwa. Alisikia mbuzi wake wameibwa, presha ikapanda, daktari akamrudisha nyumbani. Sasa kapangiwa Alhamisi ya wiki ijayo. Agizo kwa ukoo mzima: asisikie habari mbaya. Samaki ninao mimi, hapa Kigera, Musoma. Akipona jicho, anataka kuwaona vizuri kwa mara ya kwanza.

Kazi rahisi. Mimi mtoto wa ziwani. Samaki watanishindaje?

Alhamisi, 4 Septemba

Mama mkwe ameingia kutoka Butiama. Kuku, viazi vitamu, na goti linalomsumbua. Atakaa mpaka lipone. Nimemsalimia kutoka mlangoni, macho chini, kama inavyotakiwa. Nina mvi na wajukuu wako njiani, bado namwogopa yule mama. Hanisemeshi moja kwa moja, nami simsemeshi. Maneno yote yanapita kwa mke wangu, Mama Esta, naye huyaongezea chumvi njiani.

Kawaona samaki. Kauliza wanaliwa lini. Mama Esta kamwambia hawaliwi. Kisha nikamsikia, "Kwa hiyo hawa ni wa kula tu, si wa kuliwa." Nimetoka uani kucheka.

Mimi nawapa punje chache asubuhi, mara moja. Wakiona mtu wanakimbilia kioo midomo wazi, utadhani hawajala tangu uhuru. Inabidi uwe na roho ngumu. Ninayo.

Jumamosi, 6 Septemba

Diwani yuko tumbo juu.

Nimetoka dukani kwangu nimemkuta anaelea kama kopo. Anapumua. Nimemsukuma kwa kidole, kakaa sawa kidogo, kageuka tena. Tumbo limevimba. Jicho moja linanitazama kama mkaguzi wa shule.

Naogopa. Nani atanisoma humu? Naogopa. Akifa huyu, dada atajua. Mimi uongo wa simu siuwezi, sauti yangu ikilegea kidogo tu ananikamata. Presha itapanda. Watamrudisha nyumbani tena, na ukungu hausubiri mtu. Dada amekaa gizani vya kutosha.

Yote haya yamekaa juu ya tumbo la samaki mmoja.

Jumapili, 7 Septemba

Washauri wamejaa. Wa kwanza Mzee Shabani, fundi cherehani, jirani na mtani wangu. Kaingia sijavaa hata viatu vya kanisani. Kainama, kachungulia, kanyooka. "Manyama, mkaange mapema, angali na mafuta." Alipoona sicheki, akawa mtu mzima: maji ya bomba ndiyo yanamuua. Nimletee maji ya ziwa. Samaki ni samaki.

Nimemwamini. Kanisani sikwenda. Nimeshuka ufukweni Mwigobero na dumu. Akina mama waliokuwa wanaanika dagaa wakaniuliza kama kwetu bomba limekauka. Nikasema ni ya samaki, anaumwa. Mmoja ilibidi akae chini kwa kicheko. "Baba, sisi humo tunatoaga samaki. Wewe unawapelekea maji nyumbani?"

Nimemimina nusu dumu. Diwani hakugeuka. Wale wawili wamejikunyata pembeni kama wafiwa. Maji yamekuwa chai ya maziwa. Nimeyatoa tena, nimerudishia ya bomba yaliyolala, na ya ziwa nimeyamwagia mchicha. Huo nao una mashaka.

Dada kapiga jioni. Mke wangu kapokea, kasema niko bafuni. Nilikuwa nimesimama pale pale.

Jumatatu, 8 Septemba

Kwenye kopo la chakula cha samaki kuna namba ya muuzaji, yuko Mwanza. Nimempigia. Mtu mpole. Kaniuliza jambo moja: wanakula mara ngapi kwa siku? Mara moja, nikajibu, na kifua mbele. Kisha akasema, "Mzee, hebu kaulize nyumbani."

Nimeuliza.

Mke wangu: mara moja tu, mchana, makombo ya mkate, kwa sababu wanatia huruma. Mchungaji, aliyekuwa anakuja kuliombea goti: mara moja tu, biskuti aliyotengewa na chai. Mzee Shabani: mara moja tu, anapopita kusalimia, dagaa wakavu wa mfukoni. Nilipomkazia macho akashangaa. "Sasa mimi niingie kwa watu natafuna peke yangu, na wenyeji wananiangalia?" Mama mkwe, kupitia kwa mke wangu: mara moja tu, asubuhi, ugali. Na jioni, mara moja tu.

Nimetafuta kiti.

Hakuna wa kumlaumu. Hapa kwetu hakuna anayepita mbele ya mdomo wazi bila kuweka kitu. Na dagaa mkavu akiloa anavimba, hilo kila mtu Musoma analijua akiwa jikoni. Hatukumfikiria akiloa tumboni mwa Diwani. Tumemkirimu mpaka kapinduka.

Nimempigia tena yule muuzaji. Kacheka kwa adabu. Dawa: wote wasile chochote siku tatu. Ya nne Diwani apewe njegere, ichemshwe laini, itolewe ganda. Basi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimetangaza mfungo ukumbini. Kila mtu kaitikia. Mzee Shabani kasema yeye kufunga anakujua, tusimfundishe.

Jioni nimekuta tonge la ugali limetulia juu ya mawe ya tangi. Lina alama za vidole. Vidole nimevijua.

Hapa akili imegoma. Mama mkwe hakemewi. Hata kukohoa kwa nguvu karibu yake ni kosa. Nimemtuma mke wangu. Jibu limerudi, na safari hii halikuhitaji chumvi: kwao mgonjwa hanyimwi chakula. Mgonjwa anakorogewa uji, anabembelezwa. Anayemnyima mgonjwa ana lake analingojea. "Kamuulize mume wako, kwa samaki anataka kurithi nini?"

Nimelitoa tonge kwa kijiko. Keshokutwa ni Alhamisi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata.

Nyumba hii ina mlango mmoja ambao mama mkwe hataugusa hata paa likiungua. Chumba cha kulala cha mkwe wake. Mchungaji hawezi kuingia. Mzee Shabani hathubutu.

Tumehamisha asubuhi. Samaki kwenye ndoo, maji kwenye ndoo, tangi likiwa tupu mikononi mwetu kama kochi linalotolewa nje siku ya msiba. Tumeliweka juu ya meza ya kujipodolea, mafuta na manukato ya Mama Esta yamehamia dirishani. Kasema ile pampu ya hewa inavyobubujika itampeleka chooni kila saa. Kasema pia aliolewa na mtu mmoja, sasa anatakiwa avue kanga mbele ya Diwani.

Nimefunga mlango. Ufunguo nimeuvaa shingoni. Mama mkwe aliona yote kutoka kwenye mkeka wake, mguu umenyooshwa. Nilipopita na ndoo ya mwisho, kainama kwenye ncha ya kanga na mabega yakatikisika. Sijui kama ni kikohozi.

Diwani bado anaelea.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku yenyewe. Duka sikufungua.

Diwani amelala ubavu. Si tumbo juu, ubavu. Nimejiambia ni nafuu.

Dada kapiga kabla hawajamwingiza. Nimepokea mwenyewe, nimechoka kukaa bafuni. Kauliza wanaendeleaje. Nikasema jambo la kweli la kwanza nililolipata: "Wanafunga." Kacheka. Kasema shemeji naye alikuwaga anawafungisha kila Jumapili, matumbo yapumzike. Kila Jumapili. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Nikuambie nini, na wewe unajisifuga umezaliwa majini?"

Presha wamepima. Iko vizuri. Wameingia naye.

Mchana mzima hakuna simu. Nimekaa kitandani namtazama samaki, samaki ananitazama. Mke wangu kaleta chai, kaketi kando yangu, tukawa watatu. Nimesali. Sikujua nianze na mgonjwa yupi, nikawaweka pamoja. Mungu atawatenganisha.

Alasiri binti yake kapiga. Limekwisha, salama. Jicho limefungwa, kesho wanalifungua. Nimesema asante mara nyingi kupita kiasi. Simu ilipokatika nimelia kidogo. Mke wangu kaenda kumwambia mama yake ukumbini, nimesikia vigelegele. Mwanamke mwenye goti bovu kasimama kupiga vigelegele.

Ijumaa, 12 Septemba

Njegere. Nimechemsha, nimemenya, nimeponda kati ya vidole. Mimi ambaye nyumbani sijawahi kujipikia yai. Diwani kaikodolea macho. Kaitema. Kaifuata tena. Kaimeza.

Nikakaa kungoja kama baba nje ya wodi ya wazazi.

Kanya. Uzi mrefu kuliko yeye mwenyewe. Nimemwita mke wangu kwa sauti, kaja mbio mwiko mkononi akijua kafa. Tumesimama pale tunashangilia choo cha samaki, watu wazima, mtoto wetu yuko chuo kikuu.

Jioni kanyooka. Kayumba kama mlevi anayetafuta geti lake, kisha akatulia, mgongo juu, tumbo chini, kila kitu mahali pake.

Habari imefika ukumbini. Jibu la mama mkwe: kumbe kilichomtesa ni choo. Wangemwambia mapema, mizizi yake anayo kwenye mkoba.

Na dada kafunguliwa jicho. Anaona. Binti yake anasema kutwa nzima anasoma vibao vya barabarani kwa sauti na hakuna wa kumnyamazisha.

Jumatatu, 15 Septemba

Diwani kaamka wima. Nimelala kama gunia. Pampu sikuisikia.

Jumamosi, 20 Septemba

Mama mkwe alirudi Butiama juzi, goti likiwa limepata nafuu. Kaniachia salamu kwa mke wangu: mkwe wake si mchoyo, ni mgumu tu. Nimepokea. Samaki tukawarudisha ukumbini.

Dada kafika leo saa za chai, amevaa miwani myeusi. Hakutaka chai. Kavuta kigoda, kakaa mbele ya kioo, kavua miwani polepole, akakunja na kuishika mapajani.

Diwani kaja mdomo wazi, kama kawaida yake.

Dada kasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Nilianza kudhani ameona kasoro, nikawa natafuta pa kuanzia kujitetea. Kisha akaweka kidole kwenye kioo, akamfuata nacho kutoka kichwani mpaka mkiani.

"Kumbe ana magamba," akasema. "Moja moja."

Nikasema ndiyo.

"Na kila moja lina ukingo. Marehemu alikuwa ananiambiaga. Nilidhani ananifurahisha tu."

Mke wangu kaingia jikoni, akakaa huko bila kazi.

Baadaye dada akageuka. Akanitazama usoni kwa jicho lile jipya, karibu sana, kama anasoma kibao. Akanishika kidevu. Akanigeuzia upande wa dirisha, kwenye mwanga.

"Manyama. Umezeeka lini?"

Nimetulia, anitazame.